Kubadilisha pedi za breki za nyuma kwenye gari la zamani: mwongozo kwa mwenye gari wa Mwanza

Maswali ninayoulizwa kuhusu breki za nyuma ni yale yale. "Nimebana pistoni kwa klempu mpaka klempu imepinda, hairudi." "Nimeweka pedi mpya juzi tu, upande mmoja umeshakwisha." "Nimefunga kila kitu vizuri, nimekanyaga breki, mguu umekwenda mpaka chini." Wanaouliza wana Mark II, Altezza, Harrier, Forester, X-Trail, Golf: magari yaliyotimiza miaka ishirini au yanayoikaribia, yenye diski mpaka nyuma. Kwa hiyo naandika yote hapa, kwa mpangilio ule ule ambao mikono yako itaufuata.

Kama una Vitz, IST, Passo au Probox, chungulia kwanza kwenye nafasi za rimu ya nyuma. Ukiona bakuli la chuma lililofunikwa badala ya diski inayong'aa, gari lako lina dramu nyuma na mwongozo huu hautakusaidia.

Nikwambie mapema ninachosimamia. Kwenye gari la zamani, kuchomoa pedi kuukuu na kuchomeka mpya ni sehemu ndogo ya kazi. Kazi kubwa ni kusafisha kalipa (kifaa kinachobana pedi kwenye diski), kuzitoa pini zake ambazo kalipa hutelezea, kuzilainisha, na kuhakikisha pistoni, ile silinda ya ndani ya kalipa inayosukuma pedi, inarudi bila kulazimishwa. Anayeruka hayo atanunua pedi nyingine muda si mrefu, na atamlaumu muuza spea bure.

Utajuaje zimekwisha

Nyama ya pedi mpya, bila kuhesabu bati la nyuma, huwa karibu milimita 10. Ikibaki milimita 3, nunua nyingine. Usisubiri ifike 1. Pedi nyingi zina kibati kidogo cha chuma ambacho nyama ikipungua kinagusa diski na kupiga mluzi mwembamba. Mluzi huo husikika ukienda polepole, na hubadilika au kukatika ukigusa breki. Ukifikia hatua ya kusikia mkwaruzo mzito wa chuma kwa chuma, umechelewa, na fedha ya diski uiandae pia.

Ijue handbreki yako kabla ya kununua chochote

Hapa ndipo klempu zinapopinda. Breki za diski za nyuma ziko za aina mbili kuu, na tofauti yake ni mahali handbreki inapofanyia kazi.

Aina ya kwanza, handbreki ina dramu yake ndogo ndani ya diski. Waya wa handbreki unaingia nyuma ya diski, hauigusi kalipa kabisa. Hizi ni Mark II za GX100 na GX110, Altezza, Harrier, Forester za mwanzo, X-Trail za T30 na ndugu zake wengi. Pistoni yake inarudishwa kwa kusukumwa moja kwa moja.

Aina ya pili, waya wa handbreki umefungwa kwenye mkono mdogo wa chuma ulioko kwenye kalipa yenyewe. Golf ya nne iko hivyo, na Honda Accord nyingi zenye diski nyuma. Ndani ya pistoni hiyo kuna skrubu. Hairudi kwa kusukumwa tu: inazungushwa huku ikisukumwa. Ukiibana kwa nguvu bila kuizungusha unaharibu skrubu ya ndani, na kalipa nzima inakuwa ya kutupwa.

Lala chini, tochi mkononi, ufuate waya wa handbreki mpaka unapoishia. Ni jambo la dakika mbili.

Vitu vya kuwa navyo

- Seti ya pedi za nyuma, vipande vinne. Pande zote mbili hubadilishwa pamoja, hata kama upande mmoja bado una nyama.
- Klipu mpya za breketi (fremu ya chuma inayobeba kalipa na pedi), kama seti imekuja nazo au duka linazo.
- Jeki, stendi mbili za jeki, na kabari nne za mbao.
- Wili spana. Spana na boksi namba 12, 14 na 17. Spana nyembamba ya kushikia pini. Spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, ukiweza kuazima.
- Klempu ya seremala kwa aina ya kwanza, au kifaa cha kuzungushia pistoni kwa aina ya pili.
- Brashi ya waya, msasa, tupa ndogo, matambara safi, spreyi ya kusafishia breki.
- Grisi ya breki, ile ya silikoni au ya seramiki ambayo kopo lake limeandikwa kwamba inafaa kwa pini za kalipa na mipira.
- Mafuta ya breki ya aina iliyoandikwa kwenye kifuniko cha kopo la gari lako, kwa kawaida DOT 3 au DOT 4.
- Bomba la sindano kutoka duka la dawa, kipande cha waya mgumu, glovu, miwani na barakoa.

Ukienda dukani, nenda na namba ya chesisi, na pedi kuukuu ukiweza. Gari la jina moja na mwaka mmoja linaweza kuwa na kalipa tofauti kwa sababu ya injini au toleo, na muuzaji hatakisia vizuri kuliko pedi uliyoishika mkononi. Zilinganishe hapo hapo kaunta: umbo la bati, masikio ya pembeni, urefu, na kama kuna kidutu mgongoni mwa pedi. Kwenye pedi mpya, angalia kama nyama imeshikamana na bati pande zote. Ukiona ufa kwenye maungio, au nyama inamomonyoka ukiikwaruza kwa ukucha, irudishe. Na tafadhali, pedi za mtumba usinunue. Taa ya mtumba sawa, kioo sawa, pedi hapana.

Hatua kwa hatua

1. Tafuta tambarare kweli. Kwa aliyeko Bugarika, Mabatini au Isamilo hili ndilo gumu kuliko yote, kwa kuwa nyumba zimepanda juu na gari hulala limeinamia upande. Usifanye kazi hii kwenye mteremko, hata mdogo. Shuka na gari uende kwa ndugu au rafiki mwenye uwanja wa sakafu, au utafute kituo cha mafuta kitakachokukubalia kona. Ardhi ya mchanga au kifusi inahitaji ubao mpana chini ya jeki na chini ya kila stendi.

2. Weka kabari mbele na nyuma ya matairi yote mawili ya mbele, kisha uweke gia P au gia ya kwanza, ndipo uachie handbreki. Handbreki lazima iachiwe, vinginevyo nyuma hakutafunguka. Wenye Mark II na Altezza wasikilize hapa: gari lako linasukumwa na matairi ya nyuma, na P inashikilia hayo hayo. Ukiinua tairi moja la nyuma, lile la hewani linazunguka huru kupitia difu (kasha la gia linalounganisha matairi ya nyuma) na gari zima linaweza kuondoka. Kabari za mbele ndizo pekee zinazolishikilia. Jiwe la mviringo si kabari.

3. Legeza nati za tairi kidogo kabla hujainua. Toyota nyingi ni namba 21. Subaru na Honda ni 19. Kisha inua kwa jeki mahali palipotengenezwa kuinuliwa, weka stendi, shusha gari mpaka likae juu ya stendi, ulisukume kwa mkono uone kama linatikisika. Tairi ulilolitoa lilaze chini ya bodi kama akiba.

   Mwanza hatuna uhaba wa mawe, na ndiyo sababu nalisema hili kwa ukali: gari haliegemezwi juu ya mawe wala matofali. Jiwe letu ni gumu lakini linateleza, na tofali la saruji hupasuka ghafla bila kuonya. Huna stendi, huna kazi siku hiyo.

4. Fungua boneti, futa vumbi kuzunguka kopo la mafuta ya breki kabla ya kufungua kifuniko. Kama mafuta yamefika juu ya alama ya MAX au yanaikaribia, nyonya kiasi kwa bomba la sindano. Utakaporudisha pistoni, mafuta yatapanda, na yakimwagika kwenye bodi yanakula rangi. Yakidondoka, osha kwa maji mengi mara moja. Uliyoyatoa usiyarudishe tena, na usiyamwage mtaroni. Mitaro ya mjini inaishia Mto Mirongo, Mirongo unaingia ziwani, na maji tunayokunywa tunayavuta ziwani humo humo. Yatie kwenye chupa ya plastiki yenye kifuniko, uyapeleke gereji inayokusanya oili chafu.

5. Kabla hujagusa bolti yoyote, piga picha. Piga tena kwa karibu: klipu zimekaaje, kibati cha kupiga mluzi kiko juu au chini, mpira wa breki (bomba linalopeleka mafuta kwenye kalipa) umepitia wapi. Fanya upande mmoja mpaka umalize, ndipo uende wa pili. Ukifungua yote kwa pamoja, hutakuwa na mfano wa kutazama.

6. Ondoa vumbi kwa kulowesha. Puliza spreyi ya breki au maji ya sabuni, chombo kiwe chini. Vumbi la breki halipulizwi kwa mdomo wala kwa kompresa. Pedi za zamani zinaweza kuwa na asbesto, na vumbi hilo likiingia kwenye mapafu halitoki. Petroli usiitumie. Najua gereji nyingi huoshea nayo kila kitu, lakini inaharibu mipira ya kalipa, na moto hauko mbali.

7. Fungua bolti za kalipa, mara nyingi namba 12 au 14. Bolti ikizunguka pamoja na pini, shika pini kwa ile spana nyembamba. Kwenye kalipa nyingine unatoa bolti ya chini tu, unaizungusha kalipa kwenda juu kama mfuniko; nyingine unatoa zote mbili. Kalipa ikiwa huru, ifunge kwa waya kwenye springi. Isining'inie kwa mpira wake hata dakika moja, kwa kuwa mpira wa miaka ishirini unachanika ndani na nje usione kitu.

   Kuanzia hapa mtu yeyote asiguse pedali ya breki. Funguo ya gari iwe mfukoni mwako, na watoto wasipande ndani. Pedali ikikanyagwa, pistoni inaruka nje na mafuta yote yanamwagika.

8. Toa pedi kuukuu na uzisome. Usizitupe. Ziweke sakafuni sambamba, ya ndani na ya nje. Zikiwa zimelika sawa, kalipa yako ni nzima. Ya nje ikiwa imekwisha kuliko ya ndani, pini zimeganda na kalipa hairudi ikiachiwa. Ya ndani ikiwa imekwisha sana, shuku pistoni isiyorudi, na pini pia. Pedi moja ikiwa nene ncha moja na nyembamba ncha nyingine, pini moja imeganda na ya pili bado inatembea. Hii ndiyo sababu ya lile swali la "upande mmoja umeshakwisha". Jibu lake unalo hapo sakafuni.

9. Kagua diski. Pitisha ukucha kutoka katikati kwenda nje. Mikwaruzo midogo ni kawaida. Mifereji inayokamata ukucha, ufa, au madoa ya bluu ya kuungua ni sababu ya kubadilisha. Unene wa chini unaoruhusiwa umeandikwa kwenye diski yenyewe, sehemu ya kofia (katikati iliyoinuka) au ukingoni, baada ya herufi MIN TH. Pima kwa kalipa ya kupimia sehemu inayosagwa na pedi, si kwenye ukingo wenye kutu. Diski iliyo chini ya namba hiyo haitengenezwi, inabadilishwa.

10. Safisha breketi. Banua klipu za chuma ambamo masikio ya pedi hukaa. Chini yake utakuta kutu iliyovimba, hasa kwa magari yanayotembea barabara za vumbi za Buswelu au Kishili na kupigwa na mvua za Machi mpaka Mei. Kutu hiyo inainua klipu, klipu inabana pedi, pedi haitembei. Piga brashi ya waya, kisha msasa au tupa, mpaka chuma kionekane kimenyooka. Usile chuma chenyewe, ondoa kutu tu.

11. Toa pini za kalipa. Zivute kwa mkono huku ukizizungusha. Zikitoka kwa urahisi zikiwa na grisi safi, shukuru, futa na upake mpya. Mara nyingi utakutana na grisi iliyokauka ikawa gundi nyeusi, au mchanga uliopenya kwenye kimpira kilichochanika. Pini iliyoganda pulizia mafuta ya kulegeza kutu, subiri, kisha izungushe kidogo kidogo kwa spana huku na huku. Usiipige nyundo kichwani.

    Ikitoka, ing'arishe kwa msasa laini. Ikiwa ina mashimo ya kutu, nunua nyingine. Safisha na tundu lake pia, kwa kitambaa chembamba na spreyi, mpaka kitambaa kitoke cheupe. Paka grisi ya breki kwa utando mwembamba kila mahali. Ukijaza tundu, hewa inanaswa nyuma yake na pini inasukumwa nje. Grisi ya kawaida ya bearing isitumike, wala oili ya injini. Zinavimbisha mpira na kuzirudisha pini kwenye hali ile ile, mbaya zaidi.

    Mara nyingi pini mbili hazifanani. Moja huwa laini, nyingine ina kimpira mwishoni au ubapa. Kila moja irudi kwenye tundu lake. Ukimaliza, zisukume na kuzivuta kwa vidole viwili: ziteleze, na vimpira vikae kwenye mfereji wake. Kama una haraka na unataka kupunguza kazi mahali fulani, usipunguze hapa.

12. Rudisha pistoni. Angalia kwanza kimpira kinachoizunguka. Kikiwa kimechanika, maji na mchanga vimeshaingia. Kalipa inahitaji kufunguliwa na kuwekewa ripea kiti (seti ya mipira mipya), na hiyo ni kazi ya fundi.

    Aina ya kwanza: weka pedi kuukuu juu ya pistoni, weka klempu, kaza polepole. Pumzika kila baada ya mizunguko michache, ukatazame kopo la mafuta. Pistoni nzima inarudi kwa nguvu ya mkono mmoja.

    Aina ya pili: utaona pistoni ina mikato ya msalaba au vitundu viwili usoni. Ingiza kifaa, sukuma na kuzungusha kwa pamoja. Nyingi zinarudi kwa kuzungusha kama saa. Chache upande mmoja ni kinyume, kwa hiyo ukiona inatoka nje badala ya kuingia, simama ubadilishe mwelekeo. Kimpira kisijisokote, kikisokotwa, kinyooshe. Mwishoni, pedi yenye kidutu mgongoni inataka kidutu hicho kiingie kwenye mkato wa pistoni, basi geuza pistoni mpaka mkato ulingane. Kidutu kikikaa nje ya mkato, pedi inakaa imepinda na utakuwa na pedali laini isiyoeleweka. Angalia pia kwamba mkono wa handbreki kwenye kalipa umerudi mpaka mwisho wake. Ukiwa umeganda katikati, pedi mpya zitaungua.

13. Panga pedi mpya. Bandika klipu, paka grisi ya breki kidogo sana kwenye masikio na mgongoni ambapo pistoni na vidole vya kalipa vinagusa. Uso wa pedi usiguswe na grisi wala kidole chenye mafuta. Vibati vyembamba vya mgongoni virudishe kama vilivyokuwa; vinapunguza kelele. Kibati cha mluzi kikae upande uleule wa kwenye picha yako. Pedi iteleze kwenye klipu kwa mkono. Ikigoma, usiigonge. Piga tupa rangi ya ziada kwenye masikio, ijaribu tena.

14. Rudisha kalipa juu ya pedi. Ikikataa, pistoni haijaingia yote, rudi hatua ya 12. Bolti za pini ni ndogo, na kwa magari mengi madogo hukazwa kati ya 25 na 35 Nm. Namba kamili iko kwenye kitabu cha gari lako. Usiikanyage spana kwa mguu. Hakikisha mpira wa breki haujajisokota.

15. Fanya upande wa pili wote, kuanzia hatua ya 5.

16. Kanyaga pedali kabla ya kuwasha gari. Pistoni sasa ziko mbali na pedi. Mkanyago wa kwanza mguu utakwenda mpaka chini, wa pili vivyo hivyo. Endelea polepole, nusu nusu, mpaka pedali iwe ngumu na ibaki ngumu. Tazama kopo, ongeza mafuta mpaka kati ya MIN na MAX. Anayeruka hatua hii anagundua akiwa kwenye mwendo.

    Wengi huuliza kama lazima watoe upepo. Kama hukufungua mpira wala nipo (skrubu ndogo ya kutolea upepo kwenye kalipa), upepo haukuingia, na hakuna cha kutoa.

17. Handbreki. Aina ya pili, baada ya pedali kuwa ngumu, vuta na kuachia mara kadhaa ili ijirekebishe. Aina ya kwanza haitegemei pedi hizi. Ikiwa haishiki, kuna gurudumu la meno la kurekebishia, linalofikiwa kupitia kitundu kwenye kofia ya diski. Zungusha diski kwa mkono handbreki ikiwa imeachiwa: mkwaruzo mwepesi sawa, kukwama hapana.

18. Rudisha matairi, shusha gari, kaza nati kwa msalaba. Toyota nyingi ndogo ni karibu 103 Nm. Zikague tena baada ya kilomita hamsini hivi.

Kuzizoesha pedi mpya

Jaribu kwanza hapo hapo kwenye tambarare, mwendo wa kutembea kwa miguu. Usianze safari kwa kuteremka Bugando.

Breki zikishika, nenda mahali penye nafasi. Alfajiri ya Jumapili, barabara ya Buhongwa kwenda Usagara inafaa. Fikisha 50 km/h, punguza taratibu mpaka 10, usisimame kabisa, endesha kidogo zipoe, rudia mara kumi hivi. Lengo ni pedi na diski zizoeane bila kuchemka. Ukisimama na kushikilia breki zikiwa za moto, pedi inaacha alama kwenye diski na baadaye utahisi mtikisiko. Kwa siku chache za mwanzo, usipakie mzigo wa samaki Mwaloni ukapanda nao milima.

Matatizo yakitokea

*Pedali ni laini hata baada ya kukanyaga sana.* Kwa aina ya pili, angalia kidutu na mkato wa pistoni. Kwa zote, angalia kama pedi imekaa imepinda, na kama kuna mafuta yanavuja. Kama vyote ni sawa na pedali inazama taratibu ukiishikilia, tatizo liko kwenye masta silinda, pampu ya breki inayosukumwa na pedali. Usiendeshe.

*Tairi moja linachemka.* Endesha kilomita chache bila kukanyaga breki sana, simama, sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Moja likiwa la moto mno kuliko lingine, inua tairi hilo. Likiwa gumu kuzungushwa, legeza nipo ya kalipa kidogo. Likiwa huru papo hapo, mpira wa breki umeziba ndani: unapitisha mafuta ukikanyaga, hauyarudishi ukiachia. Badilisha mpira, utoe upepo. Likibaki gumu, ni pini, pistoni, au waya wa handbreki.

*Kelele ya mluzi na pedi ni mpya.* Vibati vya mgongoni vilisahaulika, klipu imekaa vibaya, au pedi ni ngumu kupita kiasi. Isipokoma baada ya kilomita mia mbili hivi, fungua utazame.

*Mkwaruzo asubuhi baada ya mvua.* Diski imeshika kutu nyepesi usiku. Inaondoka kwa mikanyago michache ya kwanza na haina madhara. Ikiendelea mpaka jioni, kokoto imenasa kati ya diski na ngao yake ya bati. Ibanue ngao kidogo, kokoto itadondoka.

*Handbreki ilikuwa inashika, sasa haishiki mlimani.* Kwa aina ya kwanza, huenda mafuta au grisi imefika kwenye breki shuu za ndani, au marekebisho yamelegea. Toa diski uangalie. Kwenye gari lenye ekseli moja ngumu nyuma, ukikuta mafuta mazito yenye harufu ya difu, sili ya ekseli inavuja. Ibadilishe kwanza pamoja na breki shuu, ndipo urekebishe handbreki. Mpaka hapo, ukiegesha mteremkoni, geuzia matairi ya mbele kwenye ukingo wa barabara na uweke kabari.